Rumanyika wa Karagwe: Omukama aliyerithi nyundo

Ukimuuliza kijana wa Ihembe leo Rumanyika ni nani, huenda akakujibu kwamba ni hifadhi ya wanyama. Hajakosea. Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe ilianzishwa mwaka 2019, na kabla ya hapo lilikuwa pori la akiba la Rumanyika Orugundu. Lakini kabla ya kuwa jina la pori, Rumanyika Orugundu alikuwa mtu. Alikuwa Omukama wa Karagwe kuanzia miaka ya 1850 hadi alipofariki mwaka 1878, na makao yake yalikuwa Bweranyange.

Vitabu vingi vinamtaja kwa sababu moja tu: aliwapokea wazungu wa kwanza kufika huku kwetu. Leo, msikilizaji wetu, tunamtazama kwa upande ambao hautajwi sana. Rumanyika alikuwa mlinzi wa hazina ya vyuma ambayo wageni waliiona na kuistaajabia. Ndani ya hazina hiyo kuna swali ambalo linatuhusu mpaka sasa: ni nani aliyevitengeneza vyuma vile, na moto wa kuvitengeneza aliupata wapi?

Mtoto wa Ndagara

Rumanyika alizaliwa katika ukoo wa Wahinda, ukoo uliotawala Karagwe kwa vizazi vingi. Simulizi za Wanyambo zinasema Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo huo, alipofika alimkuta mtawala aitwaye Nono, wa ukoo wa Wasita. Wasita wanakumbukwa kama watu waliohusika na kazi ya chuma tangu zamani. Ruhinda akamwondoa Nono madarakani, lakini heshima ya chuma haikuondoka. Wafalme waliofuata waliitwaa wakaifanya alama ya ufalme wao wenyewe.

Jambo hili halikuwa la Karagwe peke yake. Katika falme nyingi za ukanda huu wa maziwa, nyundo ya mhunzi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kumsimika mfalme, pamoja na ngoma. Nchini Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa na watafiti mwishoni mwa miaka ya 1960, vyuma viwili vyenye umbo la nyundo au fuawe vilikutwa karibu na kichwa chake. Maana yake ilieleweka na kila mtu wa zamani zile. Mhunzi anageuza udongo kuwa jembe la kulimia na mkuki wa kulindia. Mfalme naye anatakiwa kuwageuza watu wengi kuwa nchi moja. Aliyeshika nyundo ndiye aliyeshika chakula na ulinzi.

Baba yake Rumanyika aliitwa Ndagara. Simulizi za Karagwe zinamtaja Ndagara kama mfalme mhunzi, mtu aliyependa chuma kuliko wafalme wote waliomtangulia. Vitu vingi vya thamani vilivyokuwa Bweranyange vinahusishwa na jina lake: mikuki ya sherehe, fuawe, na sanamu ndogo za ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda. Kwa Kinyambo pembe ni ihembe, na anayewajua ng'ombe wetu wa asili hahitaji kuelezwa kwa nini mhunzi alitumia nguvu zake nyingi kwenye pembe kuliko kwenye miguu.

Ngoma ndogo isiyonyanyuka

Ndagara alifariki katika miaka ya 1850. Kama ilivyotokea katika falme nyingi, kifo chake kilileta ugomvi wa urithi kati ya watoto wake. Kulikuwa na Rumanyika, na ndugu zake wawili ambao majina yao yameandikwa vitabuni kama Nnanaji na Rogero.

Rumanyika mwenyewe alimsimulia mgeni wake Speke jinsi alivyopatikana mrithi. Iliwekwa ngoma ndogo chini, mbele ya watoto wa marehemu. Kwa umbo ilikuwa nyepesi, lakini ilikuwa imetiwa dawa ikawa nzito, na atakayeweza kuinyanyua ndiye mwenye haki ya kutawala. Wenzake walijaribu wakashindwa. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo cha mkono.

Simulizi hiyo ni nzuri kuisikiliza, lakini haikumaliza ugomvi. Rogero alikataa, akakusanya watu wake, na vita ikapiganwa. Hapo ndipo wafanyabiashara kutoka pwani walipoingia katika siasa za Karagwe. Mfanyabiashara mkubwa wa Tabora aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri, mwenye asili ya Kihindi, alimsaidia Rumanyika kwa bunduki na watu. Rogero akarudishwa nyuma, ingawa kwa miaka mingi aliendelea kuwa mwiba kwa ndugu yake.

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Wafanyabiashara walikuwa na kituo chao pale Kafuro, si mbali na Bweranyange. Walitafuta pembe za ndovu. Walileta nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Rumanyika alikuwa na deni la fadhila kwao, na milango ya Karagwe ikabaki wazi. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia: pembe za ndovu ziliondoka zikiwa ghafi, na waya wa shaba ulikuja ukiwa umekwisha kutengenezwa.

Wageni wa mwaka 1861

Mwishoni mwa Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Bweranyange wakitafuta chanzo cha mto Nile. Njiani walikuwa wamechoshwa na hongo. Kila mtawala waliyempita aliwadai nguo na shanga kabla ya kuwaruhusu kuendelea. Walipofika Karagwe mambo yakabadilika. Rumanyika hakuwadai hongo. Aliwapelekea chakula, akawakaribisha kwake, na akawasalimu kwa Kiswahili kizuri.

Hapo tusipite haraka. Omukama wa Karagwe, mbali kabisa na pwani, mwaka 1861 alikuwa anazungumza Kiswahili vizuri. Alikijifunza kwa sababu alifanya biashara na watu wa Tabora na pwani, na kwa sababu alikuwa mtu wa kutaka kujua. Speke aliandika kwamba maswali ya Rumanyika hayakuisha. Aliuliza kuhusu nchi za mbali, kuhusu jua na mwezi, kuhusu jinsi watu wengine wanavyotawaliwa. Naye kwa upande wake alimweleza Speke kuhusu nchi jirani, milima na maziwa. Sehemu kubwa ya habari za ukanda huu zilizoingia kwenye ramani ya Speke zilitoka kwa Rumanyika na watu wake.

Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu, hakuweza kutembea. Speke alipoondoka Januari 1862 kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, Grant alibaki Karagwe hadi Aprili. Kwa miezi hiyo yote Rumanyika alimtunza. Mgeni mgonjwa, asiye na mali ya kutosha, asiye na jeshi la kutisha, alikaa salama chini ya Omukama mwenye uwezo wa kumnyang'anya kila kitu. Grant alirudi kwao akiwa hai.

Katika jumba la mfalme, Speke aliona ng'ombe wadogo wa chuma na vitu vya shaba. Akaandika kwenye kitabu chake kwamba ng'ombe wale walitengenezwa na Waarabu wa Kafuro ili kumfurahisha mfalme.

Sentensi hiyo ni fupi, lakini ina uzito. Katika kitabu hichohicho Speke alieleza nadharia yake kwamba watawala wa huku walitoka Ethiopia, na kwamba mambo ya maana yaliletwa na watu kutoka nje. Nadharia hiyo haikuwa na ushahidi. Hata hivyo ilishikwa na wakoloni waliofuata, ikaingia mashuleni na maofisini, na nchini Rwanda ilikuja kuzaa ubaguzi wenye madhara makubwa. Mtu akishaamini kwamba kila kizuri kimetoka nje, hata akioneshwa ng'ombe wa chuma mwenye pembe za ng'ombe wa Karagwe, atamtafuta mhunzi wake kwenye msafara wa biashara.

Nyumba ya hazina

Mwaka 1876 alifika mgeni mwingine, Henry Morton Stanley. Rumanyika sasa alikuwa mzee, mrefu, mpole wa sauti, anayetembea na fimbo ndefu. Alimpa Stanley ruhusa ya kuzunguka nchi, akampa waongozaji, na Stanley akafika mpaka kwenye maji moto ya Mtagata.

Rumanyika pia alimfungulia nyumba ya hazina. Stanley aliorodhesha alichokiona. Kulikuwa na sanamu 16 za bata zenye mabawa ya shaba nyekundu, wanyama wa shaba mfano wa pofu, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Kulikuwa na miundu ya chuma iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, mikuki yenye ncha mbili, na visu vipana vyenye makali ya ajabu. Mikuki mingine ilikuwa na mipini ya chuma iliyosukwa, mingine yenye umbo la mnyororo, mingine yenye vipete vidogo juu na chini. Kulikuwa na mipini mirefu ya chuma ya mgwisho. Katikati ya vitu hivyo kulikuwa na bunduki, zawadi ya Speke, ambayo Rumanyika aliitunza kwa heshima kama kumbukumbu ya rafiki.

Fikiria kusuka mpini wa mkuki kwa chuma. Aliyewahi kukaa kwenye banda la fundi wa kuchomelea anajua kwamba chuma kinene kikiwa baridi hakisukiki kirahisi. Lazima kipashwe moto mpaka kiwe chekundu, kizungushwe haraka kabla hakijapoa, kirudishwe motoni, kizungushwe tena. Moto ukizidi, chuma kinaungua na kuwa magamba. Moto ukipungua, kinakatika. Kazi hiyo ilifanywa na mtu aliyejua kusoma rangi ya moto kwa macho, bila kipimajoto.

Shaba ilikuwa ya biashara, maana iliingia kwa njia ya nyaya kutoka nje. Chuma kilikuwa cha nyumbani.

Moto ulitoka wapi

Jibu la swali letu limo ardhini. Wanaakiolojia waliochunguza eneo la Bweranyange na maeneo mengine ya Karagwe wamekuta mabaki ya kazi ya chuma: vipande vya mirija ya udongo, na yale mawe meusi mazito ambayo wazee huyaita mavi ya chuma. Hayo ni uchafu unaobaki mawe yenye chuma yanapoyeyushwa. Penye mavi ya chuma palikuwa na tanuru, na penye tanuru palikuwa na watu waliojua kazi.

Kwa jirani zetu wa Buhaya ushahidi ni mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Peter Schmidt alifanya kazi na wazee wa Kihaya ambao ujanani mwao waliwahi kuyeyusha chuma. Mwaka 1976 wazee hao walijenga tena tanuru kama walivyolikumbuka. Pamoja na Donald Avery, mtaalamu wa metali, Schmidt alichapisha matokeo mwaka 1978 katika jarida la kisayansi la Marekani liitwalo Science. Huko Kemondo, kando ya Ziwa Victoria, mabaki ya matanuru ya namna hiyo yalionekana kuwa na umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Wakati huo hakukuwa na msafara wa Kafuro.

Tanuru lilifanya kazi hivi. Lilichimbwa shimo, likakandikwa kwa udongo wa kichuguu. Ndani ya shimo yalichomwa majani ya bwawani mpaka yakawa makaa laini meusi. Juu yake ulijengwa mnara mfupi, kwa udongo wa kichuguu na vipande vya mavi ya chuma ya zamani. Kuzunguka chini yake ilipitishwa mirija minane ya udongo, na kwenye kila mrija palikuwa na mvukuto wa kusukuma hewa. Juu walimwaga mkaa wa miti migumu na mawe yenye chuma. Watu wakavukuta kwa saa nyingi, kwa kupokezana na kwa nyimbo.

Jambo lililowashangaza wataalamu ni urefu wa mirija. Haikuishia ukutani, bali iliingia ndani kabisa ya tanuru. Schmidt na Avery walieleza kwamba hewa ilipopita ndani ya mrija uliokuwa tayari umezungukwa na moto, ilipata joto kabla ya kufika kwenye mkaa. Hewa ya moto huongeza ukali wa moto kuliko hewa ya baridi. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya kiasi cha joto kilichoongezeka kwa njia hiyo. Kilichotoka ndani ya tanuru kilikuwa bonge la chuma lililofyonza kaboni kutoka kwenye makaa, na sehemu yake ikawa chuma cha pua.

Sasa tuutazame ule udongo, maana ndiyo siri ya kazi yote. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Wahunzi wa zamani hawakuhitaji kukifikisha huko. Walihitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,200 ili uchafu uyeyuke na kutiririka, chuma kibaki. Hata hivyo, kwa joto hilo udongo wa kawaida hupasuka au hulegea kama uji. Mrija ukianguka katikati ya kazi, mkaa wote umepotea, mawe yamepotea, na jasho la watu wengi limepotea. Udongo wa kichuguu huvumilia, kwa sababu mchwa huupandisha ukiwa umechujwa, wenye chembe laini zinazostahimili moto. Wahunzi wetu walijua hivyo kwa kujaribu, kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo fundi wa chuma alikuwa na maswali mawili siku zote. La kwanza: nitapataje moto mkali? La pili, gumu zaidi: nitapata kitu gani cha kuushika moto huo bila chenyewe kuharibika?

Baada ya Rumanyika

Rumanyika alifariki mwaka 1878, na utulivu aliouweka haukumfuata mbali. Watoto na ndugu waligombea kiti, damu ikamwagika ndani ya ukoo, na kwa miaka kadhaa nchi ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyeitwa Kakoko, anayekumbukwa kwa ukatili. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kwa wingi, na ndui ikaua watu. Wajerumani walipoingia waliikuta Karagwe ikiwa dhaifu sana kuliko ile aliyoiona Speke.

Kazi ya chuma nayo ikafa polepole. Majembe ya viwandani yalikuja kwa meli na baadaye kwa reli, yakauzwa kwa bei ambayo mhunzi wa kijijini hakuiweza. Kuyeyusha mawe kulihitaji watu wengi, miti mingi na siku nyingi. Jembe la dukani lilihitaji shilingi chache tu. Kufikia kati ya karne ya 20 wahunzi waliobaki walikuwa wanafua vyuma chakavu, hasa springi za magari, kama wanavyofanya wengi mpaka leo. Ujuzi wa kufua ulibaki. Ujuzi wa kuyeyusha uliondoka na wazee.

Hazina ya Bweranyange pia ilipungua. Baadhi ya vyuma viliorodheshwa na kupigwa picha na wataalamu katika karne ya 20, na vimeandikwa katika majarida ya kisayansi kama mfano bora wa sanaa ya chuma Afrika Mashariki. Watu wa vyuo vya mbali wanavisoma. Watoto wengi wa Karagwe na Kyerwa wanamaliza shule hawajawahi kuiona hata picha moja.

Swali la mhunzi bado lipo

Lile swali la pili la mhunzi, la kitu cha kuushika moto, lilichukua sura mpya viwandani. Chuma cha kawaida kikikaa kwenye moto mwekundu kwa muda mrefu hulegea, kisha hutoka magamba na kuliwa kidogo kidogo. Ukitengeneza waya wa jiko la umeme kwa chuma cha kawaida, utakatika baada ya muda mfupi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mkemia wa Marekani aitwaye Albert Marsh alichanganya nikeli na kromi, na hataza ya uvumbuzi wake ikatolewa mwaka 1906. Mchanganyiko wa metali za namna hii huitwa aloi. Kromi inapopata joto hujitengenezea ngozi nyembamba juu ya waya, na ngozi hiyo huzuia hewa isile metali iliyo ndani. Nikeli hushikilia nguvu ya waya hata ukiwa mwekundu. Ndiyo maana koili ya jiko la umeme inawaka nyekundu kila siku, mwaka hadi mwaka, bila kuungua. Kutokana na mchanganyiko huo wa nikeli na kromi zimetoka aloi nyingine kali zaidi, zinazotumika kwenye mapanga ya injini za ndege, kwenye mitambo ya kufua umeme kwa gesi, na kwenye matanuru ya viwanda. Hata vali ya kutolea moshi kwenye injini ya pikipiki hutengenezwa kwa chuma cha pua kilichochanganywa ili kivumilie joto.

Nikeli yenyewe ipo mkoani kwetu. Kabanga, wilayani Ngara, kuna moja ya akiba kubwa za nikeli duniani zisizochimbwa bado kwa wingi, na utafiti wake ulianza katika miaka ya 1970. Januari 2021 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Kabanga Nickel, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo serikali ina hisa asilimia 16. Katika mpango huo wa mwaka 2021, kiwanda cha kusafisha madini kilitakiwa kujengwa Kahama, ili metali isafishwe hapa nchini badala ya kusafirisha mchanga wenye madini kwenda nje.

Hapo ndipo maisha ya Rumanyika yanapotusaidia kufikiri. Alikuwa mtawala mwerevu, mkarimu, mwenye lugha, mwenye hazina. Bado katika biashara yake na watu wa Kafuro, kilichotoka kilikuwa ghafi na kilichoingia kilikuwa kimetengenezwa. Bunduki zilimpa kiti, lakini ndani ya Karagwe hakukuwa na mtu wa kuzitengeneza. Huku nyuma ya jumba lake kulikuwa na watu waliojua kutoa chuma kwenye jiwe, na kizazi kilichofuata hakikupata sababu ya kuurithi ujuzi wao. Madini yanaweza kukaa ardhini miaka milioni. Ujuzi usiporithiwa hufa ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Kwa wasikilizaji wenye mashamba, kuna jambo moja la kufanya. Ukilima ukakuta mawe meusi mazito yenye vitundu, au vipande vya mirija ya udongo iliyoungua, usivivunje wala kuvitupa mtoni. Viache mahali pake, kumbuka eneo, na utoe taarifa ofisi ya kijiji au kwa afisa utamaduni wa wilaya. Mabaki ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Na kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka jina la mhunzi, jina la mti wa mkaa, au wimbo wa kuvukutia, mrekodi kwa simu yako leo. Speke alipotaka kujua ng'ombe wa chuma walitoka wapi, aliandika kwamba ni kazi ya Waarabu wa Kafuro. Aliyeshika nyundo hakutajwa.